Pikipiki ya Ndugu Wawili

Watu wa Bongwe waliiita Obruti. Pikipiki yenyewe ilikuwa Honda nyeupe, kubwa, yenye mistari ya bluu na nyekundu ubavuni. Mbele, chini ya taa, ilikuwa imeandikwa TURBO kwa herufi zilizogeuzwa, ili dereva wa gari lililotangulia akitazama kioo chake azisome sawasawa. Lakini wakati Garama alipoileta Bongwe magari yalikuwa ya kuhesabika, na waliokuwa wakiisoma walikuwa wamekaa barazani. Walisoma kushoto kwenda kulia, kama wanavyosoma kila kitu, na jina likashika. Hata Garama mwenyewe, alipokuwa akimtuma binti yake aifute vumbi, alikuwa akisema, "Hannah, Obruti imekula mchanga leo."

Hannah sasa alikuwa mtu mzima, mkuu wa zamu ya walinzi katika hoteli moja ya Diani. Babake alimfundisha kuiendesha mara alipomaliza shule, na tangu nyonga ya mzee ilipoanza kumsumbua, ni Hannah aliyebaki kuitoa Jumapili baada ya ibada. Aliipeleka hadi Msambweni, akanywa madafu, akarudi. Haikuwa na haraka. Vijana wa boda boda wenye vipikipiki vya Kihindi walikuwa wakimpita huku wakipiga honi, naye aliwapungia mkono.

Jumapili moja alisimama kutia mafuta Ukunda. Mtu mmoja wa makamo, aliyevaa kanzu safi na miwani, alishuka garini mwake akaacha mlango wazi. Aliizunguka Obruti, akainama, akainuka, akaizunguka tena.

"Samahani, dada yangu," alisema hatimaye. "Unajua umekalia nini?"

"Nimekalia pikipiki ya baba," Hannah alijibu.

Mtu yule alicheka, akajitambulisha. Alikuwa anaitwa Alamin, daktari wa meno kutoka Mombasa, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mkewe alikuwa ameshakata tamaa ya kuuponya: alikuwa akikusanya pikipiki za zamani. Aliomba ruhusa ya kumtembelea mzee. Hannah alimpa namba.

Alifika Bongwe Jumamosi iliyofuata, akamwamkia Garama shikamoo kwa mikono miwili. Mercy, mamake Hannah, alitandika mkeka kwenye kivuli cha nyumba, akaleta chai na mahamri. Daktari hakugusa chai. Alikaa akiitazama ile pikipiki kama mtu anayemtazama mgeni aliyemsubiri tangu utotoni.

"Mzee wangu," alisema, "nitakuambia hii ni nini, halafu uniambie kama utapenda kuiuza, na ukikataa pia sitanuna. Mwanzoni mwa miaka ya themanini kampuni nne za Japani zilishikwa na homa ya turbo. Walitaka pikipiki yenye injini ndogo ikimbie kama yenye injini kubwa. Turbo inachukua moshi unaotoka kwenye injini, moshi unazungusha kifeni, na kifeni kinasukuma hewa ndani kwa nguvu. Kwenye magari jambo hilo lilikuwa linajulikana. Kwenye pikipiki ya dukani lilikuwa geni. Katika kampuni hizo nne, Honda waliingia mapema, na hii ndiyo waliyoitoa. Yenye injini ya mia tano namna hii ilidumu mwaka mmoja tu, themanini na mbili. Mwaka uliofuata wakaleta ya mia sita na hamsini, kisha wakaacha. Na wenzao nao, baada ya muda si mrefu, wakaacha."

"Kwa nini waliacha, ikiwa ni nzuri hivyo?" Mercy aliuliza.

"Ilikuwa ghali, mama, tena nzito, na fundi wa kawaida aliifungua akaifunga haraka, asijue aanzie wapi. Na turbo ina tabia yake. Unaongeza mafuta, haikujibu. Unangoja. Halafu inakuja yote kwa pamoja. Ikikukuta katikati ya kona, hapo ni wewe na Mola wako."

Hannah alimtazama babake, kisha akamtazama daktari. "Inakuja vipi?" aliuliza. "Mimi nimeiendesha miaka mingi. Haijawahi kuja."

"Haijawahi?"

"Inakwenda taratibu mwanzo hadi mwisho, kama mtu aliyeshiba."

Daktari aliuliza kuhusu kile kipimo kidogo kwenye dashibodi kinachoonyesha nguvu ya turbo. Garama alisema kilikuwa kimekufa tangu zamani. Hakuwahi kukiona kikipanda hata siku moja. Daktari akavua miwani, akaomba bisibisi, akaomba na ruhusa. Garama alikubali shingo upande. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuitoa ile plastiki ya ubavuni, kwa kuwa vishikizo vyake vilikuwa dhaifu na vikivunjika havikuwa na mbadala. Mafundi wa Ukunda walikuwa wakibadilisha mafuta, plagi na matairi, basi.

Plastiki ilipotoka daktari alipiga magoti mchangani na kanzu yake. Alitumbukiza mkono, akapapasa. Kisha akatoa simu, akatafuta picha, akawaonyesha. Palitakiwa kuwa na bomba fupi la alumini lililopinda kama kiwiko, lenye urefu wa kiganja hivi, linalopeleka hewa ya turbo kwenye injini. Halikuwepo. Mahali pake, tundu lilikuwa limezibwa kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani, na mpira umefungwa kwa uzi wa katani.

"Turbo ilikuwa inapuliza hewa nje bure," alisema daktari. "Injini haikuzima kwa sababu waundaji waliiwekea kimlango cha kuvutia hewa ya kawaida turbo ikiwa imelala. Subhanallah. Mzee, umekuwa na turbo miaka arobaini bila turbo. Lakini tazameni jinsi lilivyozibwa. Hii si kazi ya mwizi. Nani amefunga hivi?"

Garama alisogea akichechemea, akainama. Uzi ulikuwa umezungushwa mara kadhaa, ukapitishwa chini yake wenyewe, ukavutwa, mkia ukafichwa ndani. Aliushika kwa ncha za vidole. Alibaki ameinama hivyo kwa muda, hata Hannah akadhani nyonga imemkamata.

"Baba?"

"Daktari, chai yako inapoa," Garama alisema, akaenda kukaa mkekani. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Nilikuwa nimeshakubali moyoni nikuuzie. Nimezeeka, na Hannah ana kazi. Lakini sasa siwezi kukujibu. Pikipiki hii si yangu peke yangu."

Mercy aliweka sinia chini. Neno hilo hakuwahi kulisikia tangu aolewe.

Daktari Alamin alikuwa mtu wa adabu. Alirudisha plastiki mahali pake taratibu bila kuvunja kishikizo hata kimoja, akanywa chai yake ikiwa baridi, akaaga. "Hata msiponiuzia," alimwambia Hannah langoni, "mkilipata bomba hilo, naomba mnipigie tu niambiwe."

Alipoondoka, Garama alieleza. Alieleza akitazama miguu yake, na mkewe na bintiye hawakumkatiza.

Alizaliwa Taru, kwenye nyika kavu ya barabara kuu ya Nairobi, na alikuwa na kaka mmoja aliyemtangulia kidogo, Kaingu. Hilo Hannah alilijua, kama anavyojua mtu kwamba kuna mji ambao hajawahi kufika. Sababu ya kutengana kwao haikuwahi kuelezwa: Taru walikwenda wakati wa mazishi tu, wakarudi siku hiyo hiyo, na baba mkubwa Kaingu alikuwa mtu mrefu aliyesimama upande wa pili wa kaburi.

Walipokuwa vijana, Garama alisema, walikuwa wakiuza mbuzi kando ya barabara. Siku moja Mholanzi mmoja alifika akiisukuma pikipiki nyeupe juani. Alikuwa ametoka Nairobi, anakwenda kuipakia melini Mombasa, na ilikuwa imemzimia. Kabla jua halijatua akaanza kutetemeka kwa malaria. Ndugu wawili wale wakamlaza kwao, wakamnywesha uji, wakamfunika, na alipozidiwa wakamtia kwenye lori la mbuzi wakampeleka hospitali, wamemshika huku na huku asiangukie mifugo. Alipona. Kabla ya kupanda ndege alimpa dereva wa lori lile ufunguo na karatasi za pikipiki awapelekee, na ujumbe wa mdomo: ni ya wale ndugu wawili.

Fundi mmoja wa malori aliigundua pampu ya mafuta imekatika waya, akaunganisha, ikawaka. Wakawa wanaiendesha kwa zamu kwenye barabara ya vumbi, polepole, bila kuikimbiza. Kaingu alikuwa mzuri zaidi. Garama ndiye aliyekuwa na maneno. Alikuwa amesikia habari za Diani, mahoteli yanavyojengwa, watalii wanavyotaka kutembezwa. Akasema ataipeleka kwa msimu mmoja, kisha ataileta, kaka naye achukue msimu wake. Mbuzi hawawezi kuachwa na wote wawili.

"Ukairudisha?" Mercy aliuliza, ingawa alijua.

"Msimu ulikuwa mzuri," Garama alisema. "Nikasema mmoja zaidi."

Katika msimu wa pili au wa tatu Kaingu alikuja Diani mwenyewe. Alimkuta Garama mbele ya hoteli, amevaa shati la maua, watalii wamemzunguka. Kaingu alisalimia, akaomba kuipanda, aende nayo hadi mwisho wa barabara na kurudi.

"Nikamwambia, wewe kaendelee na mbuzi, kaka, hii itakuangusha. Nikacheka. Na wale wageni wakacheka, hawajui hata kilichosemwa. Aliondoka. Hatujazungumza tena ila salamu za msibani."

Alijifuta uso kwa kiganja. "Fundo lile ni lake," alisema. "Ndivyo alivyokuwa akifunga majeraha ya miguu ya mbuzi. Hakuna mwingine anayeficha mkia namna ile."

Hannah aliomba siku za mapumziko kazini. Mercy alipendekeza wapande basi kama watu wenye akili zao, lakini Garama alikataa. Kama anakwenda kwa Kaingu, alisema, pikipiki itakwenda pia, hata ikibidi aitwe mwehu njiani. Basi Hannah aliendesha, babake akakaa nyuma na mto wa sofa umefungwa chini ya nyonga. Walipita Kombani, wakapanda kilima cha Kwale ambako upepo hubadilika ghafla na kuwa wa baridi, wakateremka Kinango wakanywa chai. Kutoka hapo nchi ilizidi kukauka na udongo kuwa mwekundu. Kule Samburu waliingia barabara kuu. Malori marefu yaliwapita yakiyumbisha hewa, na Hannah alihisi mikono ya babake ikimkaza kiunoni.

"Unaogopa malori, baba?"

"Malori nayajua," alisema Garama.

Kwa Kaingu palikuwa mbali kidogo na barabara, nyumba ya matofali yenye bati jipya, zizi la miiba, na tangi jeusi la maji juu ya mawe. Aliyewapokea ni mkewe, Nzisa, Mkamba mwenye sauti kubwa na ya furaha, aliyewakumbatia kana kwamba walikuwa wamekuja wiki iliyopita. Kaingu alitoka zizini. Alikuwa bado mrefu, nywele nyeupe zote.

"Shikamoo, baba mkubwa," alisema Hannah.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja salama?"

"Salama."

"Shikamoo, kaka," alisema Garama.

"Marahaba."

Kaingu hakuitazama pikipiki. Ilikuwa imesimama pale uwanjani, nyeupe, kubwa, inatoa joto na harufu ya mafuta, na mbuzi mmoja alikuwa ameshafika kuinusa, lakini yeye aliwauliza habari za mvua za pwani. Walijibu. Akauliza bei ya mahindi. Wakajibu tena. Nzisa akamwambia Hannah anawe mikono kwenye tangi, chakula ki tayari.

Hannah alikwenda. Chini ya tangi palikuwa na pipa lililopasuliwa katikati kwa urefu, ndimo mbuzi walimokuwa wakinywea, na maji yalikuwa yakiingia humo kutoka kwenye kibomba cha alumini kilichopinda kama kiwiko. Aliweka mikono chini ya maji. Kisha akakitazama vizuri. Kilikuwa kimepata kutu nyeupe na kukwaruzwa na pembe, lakini mkunjo ulikuwa ule ule wa kwenye simu ya daktari.

Alirudi akiwa na mikono inayodondoka maji. "Baba," alisema polepole, "hebu njoo utazame."

Garama alikwenda akachuchumaa kwa taabu. Alipogeuka, kaka yake alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kinafaa sana," Kaingu alisema. "Hakijawahi kuvuja."

"Ulikitoa lini?"

"Siku moja kabla hujaondoka. Ulikuwa umekwenda kuaga watu dukani." Aliongea bila haraka, kama mtu anayeeleza njia. "Nilisema, itafika Mariakani izime. Atarudi akiisukuma, nitaitengeneza, tutakwenda pamoja au hatutakwenda. Nikaziba tundu vumbi lisiingie, maana sikutaka iharibike. Nilikaa barabarani siku mbili nikikutazamia. Haikuzima."

"Haikuzima," Garama alikubali.

"Baadaye nikakuletea. Nilipokuja Diani kilikuwa mfukoni, nimekifunga kwa kitambaa. Nilitaka niipande kwanza, nikirudi nikwambie: unajua tangu utoke Taru hujaendesha pikipiki nzima? Nikufungie, tucheke. Nikakuta mnacheka tayari."

Mbuzi walikuwa wamekusanyika kwenye pipa, wakinywa kati ya miguu ya wazee wale. Garama alijishika kwenye jiwe la tangi akainuka.

"Kaka, wiki ile ile nilikuwa nimeiangusha mwenyewe," alisema. "Mbele ya watu. Kila siku nilikuwa naiogopa. Na wewe nilijua utaipanda mara moja tu, utaiendesha vizuri kuliko mimi, na wote wataona. Ndiyo maana nilisema nilivyosema. Nisamehe."

Hannah alidhani hapo ndipo watakapokumbatiana. Badala yake uso wa Kaingu ulibadilika, ukawa mgumu.

"Jambo dogo hivyo?" alisema. "Uliogopa nitaiendesha vizuri? Mama alikufa akiuliza ni nini kilichotutenganisha, nami nikamwambia sijui, Garama ametudharau. Na wewe ulikuwa unaogopa tu?" Sauti ilikuwa imepanda, Nzisa alitokeza mlangoni na mwiko mkononi. "Ungekuja ukaniambia. Basi lilikuwepo kila siku."

"Lilikuwepo," Garama alisema.

Kaingu aliokota fimbo yake akaelekea malishoni. Hakurudi kula. Nzisa aliwapakulia wali wa kunde, akamwambia Garama ale, asijali, mumewe hukasirika kwa miguu. Akitembea vya kutosha hurudi. Alirudi kweli jioni na mbuzi, akawafungia, akakaa na wageni, akamuuliza Hannah mambo mengi kuhusu kazi ya ulinzi na iwapo ni kweli nyani wa Diani huiba funguo za vyumba. Na nduguye walibadilishana chumvi na maji tu. Wakalala.

Asubuhi Hannah aliamshwa na milio ya nyundo. Kaingu alikuwa chini ya tangi. Alikuwa ameshakwenda dukani Taru na kurudi na kiwiko cha plastiki, na alikuwa akikigongomea mahali pa kile cha alumini. Chenyewe kilikuwa juu ya jiwe, kimesuguliwa kwa mchanga na majivu hadi kikang'aa.

"Leta bisibisi yako," alimwambia Hannah bila kugeuka. "Na umwamshe baba yako. Safari hii hatukifungi bila yeye kuona."

Walifanya kazi hiyo watu watatu. Hannah alitoa plastiki ya ubavuni kama alivyomwona daktari akifanya. Kaingu alifungua fundo lake mwenyewe. Vidole vyake vilikumbuka mkia ulikofichwa. Mpira ulitoka ukiwa mgumu kama gome. Walipochungulia ndani, kifeni cha turbo kilikuwa na masizi lakini kilizunguka kilipoguswa. Garama alishika tochi. Kwenye duka la vipuri vya malori walipata mikanda ya chuma ya kukazia, na Nzisa akatoa kipande cha bomba la mpira alilokuwa akimwagilia mchicha, wakakikata kuunganisha. Kazi haikuwa ya kupendeza machoni. Lakini pikipiki iliwaka.

Hannah aliishika mikono ya usukani akamtazama babake, na babake akamtazama Kaingu. Kwa mara ya kwanza tangu wafike, Kaingu aliitazama pikipiki mbele ya watu wote, akaitazama kutoka gurudumu hadi gurudumu.

"Nimekuwa nikiendesha kipikipiki cha kwenda mnadani Samburu," alisema. "Sijasahau."

"Endesha," alisema Garama. "Mimi nitakaa nyuma."

"Nyonga yako."

"Kaka, endesha."

Waliondoka wakiwa wima sana, wazee wawili, mmoja amejifunga mto wa sofa. Hannah na Nzisa waliwafuata kwa miguu hadi ukingo wa barabara kuu. Waliwaona wakisubiri lori lipite, wakaingia lami, wakaelekea upande wa Nairobi kwa mwendo wa mtu aliyeshiba, ule ule ambao Hannah aliujua. Walizidi kuwa wadogo. Kisha ukasikika mlio ambao hakuwahi kuusikia kwenye pikipiki ile, kama filimbi nyembamba inayopanda, na kile kidoa cheupe kikaruka mbele, kikapotea nyuma ya mteremko.

"Mungu wangu," alisema Nzisa.

Walikaa huko muda mrefu hata Hannah akaanza kutembea huku na huku. Waliporudi walikuja polepole kabisa, ukingoni mwa barabara. Kaingu alizima injini. Machozi yalikuwa yamekauka kwenye mashavu yake, labda ya upepo. Garama alikuwa amepoteza kofia.

"Ilikaa kimya," Kaingu aliwaambia, akihema. "Nikaongeza, ikakaa kimya. Nikasema, kumbe hata hili bomba si kitu. Halafu..." Alipiga kiganja kimoja juu ya kingine, kiganja kikateleza mbali.

"Alipiga kelele," alisema Garama.

"Wewe ndiye uliyepiga kelele."

"Nilikuwa nakwambia punguza."

"Ulikuwa unamwita mama."

Garama alijaribu kukana, lakini alikuwa ameshaanza kucheka, na kucheka kulimuumiza nyonga, akawa anacheka huku ameishika. Kaingu alimshika kwapani amteremshe. Hakumwachia hata alipokuwa amesimama chini.

Wakati wa chakula cha mchana Hannah aliwaeleza habari za Daktari Alamin na ombi lake. Ndugu hao walitazamana. Kaingu alisema mtu huyo aje mwenyewe, anywe chai hapo uwanjani, waone kama ni mtu. Akisha kuonekana, watajadili. Yeye hakuwa na neno dhidi ya kuuza, ila asingependa iuzwe kabla Nzisa hajapandishwa. Nzisa alisema hapandi kitu hicho hata kwa dawa, na papo hapo akauliza ingekuwa lini.

Kesho yake Hannah alifunga mzigo wake mdogo. Babake hakufunga wake. Alikuwa zizini, amevaa viatu vya mpira vya kaka yake vilivyomzidi ukubwa, akishikilia pembe za beberu huku Kaingu akilitazama jicho lililokuwa likitoa usaha.

"Baba, jua linapanda."

"Wewe tangulia," alisema Garama. "Mwambie mama yako kuna mbuzi wanaumwa."

Kwa hiyo Hannah aliteremka peke yake, Samburu, Kinango, Kwale. Kwenye tambarare aliiachia Obruti mara moja, akangoja, na ilipokuja alijikuta anacheka kwa sauti ndani ya kofia yake. Kuanzia hapo aliendesha taratibu. Mercy alikuwa dukani kwake Bongwe akipima sukari, na alipomwona binti yake amefika bila mtu nyuma, aliweka kijiko chini.

"Baba yako yuko wapi?"

"Amebaki Taru. Anasema kuna mbuzi wanaumwa."

"Garama? Na mbuzi?" Mercy alikaa juu ya gunia la mchele. Alitaka aelezwe yote tangu mwanzo, nani alisema nini na nani alijibu nini, naye akawa anatikisa kichwa, anapangusa macho kwa ncha ya leso, anauliza tena. Wateja wawili walikuja wakasimama, wakasikiliza nao.

Alipomaliza kusikia aliinuka, akaingia ndani ya nyumba. Hannah alimkuta chumbani ametandaza kitambaa kitandani, anaweka juu yake dawa za presha za mumewe, mashati mawili, na kanga ya kumpelekea Nzisa ambayo bado ilikuwa na karatasi ya dukani.

"Duka utalifungua wewe asubuhi kabla ya kwenda kazini," alisema Mercy. "Mimi napanda basi la kwanza."